Waliosubu na Waliofua

Katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, kuna ndoo ya shaba ambayo kimo chake hakifiki sentimita 20. Mwili wake umezungushwa mikanda ya maandishi, na baina ya mikanda wamo wapanda farasi, wapiga ala na watu walioketi wakinywa, wote wakiwa wamechorwa kwa vipande vya fedha na shaba nyekundu vilivyopachikwa katika metali. Maandishi yanaeleza kwamba ilimalizika mwezi wa Muharram mwaka 559 Hijria, yaani Desemba 1163, katika mji wa Herat, ambao leo uko Afghanistan. Ilionekana Bukhara mwaka 1885, ikanunuliwa na bwana mkubwa wa Kirusi aitwaye Bobrinsky, na tangu hapo inajulikana kwa jina lake.

Ndoo hii ina neema ambayo vyombo vingi vya zama zake havina: imetaja watu wote waliohusika nayo. Yumo aliyeagiza, yumo tajiri wa Zanjan aliyetengenezewa, na wamo mafundi wawili. Muhammad bin Abdulwahid aliisubu. Masud bin Ahmad, fundi wa nakshi wa Herat, akaipamba.

Historia ya sanaa imempenda Masud. Vimeandikwa vitabu juu ya wapanda farasi wake na herufi zake zenye vichwa vya watu. Muhammad amebaki jina ukingoni. Si ajabu, maana kazi ya anayesubu hufunikwa na kazi ya anayenakshi, na mnunuzi hulipia anachokiona. Lakini nakshi haikuwezekana bila uamuzi uliofanyika kwanza mbele ya tanuri: ni metali zipi zitiwe katika chungu cha kuyeyushia, na kwa kiasi gani. Uamuzi huo haukuandikwa popote. Umo ndani ya vyombo vyenyewe, na tangu miaka ya 1970 wanakemia wa makumbusho wamekuwa wakiusoma.

Walichokuta kwanza ni kwamba vibao vya makumbusho vilikuwa vikidanganya. Kwa zaidi ya miaka mia moja, karibu kila chombo cha Kiislamu cha shaba kilichoingia Ulaya kiliandikwa neno moja: bronzi. Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Ikichanganywa na zinki huwa shaba ya manjano, ile inayong'aa kama dhahabu ikisuguliwa. Mwaka 1979 James Allan wa Oxford alitoa kitabu chake juu ya ufundi wa metali Uajemi kati ya mwaka 700 na 1300, na mwaka huohuo Paul Craddock wa British Museum akachapisha matokeo ya vipimo vya maabara. Mwaka 1985 jumba la Freer la Washington likafuata kwa orodha ya vyombo vyake pamoja na vipimo vyao. Picha ikabadilika. Vingi vya vyombo hivyo si bronzi kabisa. Ni shaba ya manjano, au mchanganyiko wa metali nne: shaba nyekundu, zinki, bati na risasi. Bronzi halisi ipo, lakini ina hadithi yake, na tutaifikia.

Jambo la pili ndilo lililo zito zaidi. Vyombo vilivyofuliwa kwa nyundo na vyombo vilivyosubiwa havikutoka katika chungu kimoja.

Chukua birika la Blacas lililoko British Museum, ambalo Shuja bin Mana alilimaliza Mosul mwaka 1232. Hilo ni bamba la shaba ya manjano lililofuliwa hadi likawa jembamba na la duara. Vyombo vya namna hiyo kwa kawaida vina zinki inayokaribia sehemu moja ya tano, na risasi kidogo sana. Weka kando yake vinu, vinara, ndoo na taa zilizosubiwa Khurasan katika karne hizohizo. Humo risasi mara nyingi huvuka asilimia 10, na katika baadhi yake hupita 20. Katika chombo cha kilo tano, kilo nzima yaweza kuwa risasi.

Wataalamu wa zamani walipoona tarakimu za namna hii walizisoma kama dosari. Risasi ilikuwa rahisi, shaba ghali. Basi fundi alichakachua. Bei ilikuwa na nafasi yake, hilo halina ubishi. Lakini tuhuma hiyo inamwonea aliyesubu, kwa sababu inampima kwa mizani ya aliyefua.

Risasi haiyeyukii ndani ya shaba. Vikiwa moto vinaonekana vimechanganyika, lakini shaba ikianza kuganda, risasi hujikusanya katika vijitone vidogo vilivyotawanyika kila mahali, na darubini huvionyesha wazi. Kwa mfua shaba huo ni msiba: bamba lenye vijitone hivyo hupasuka likipigwa nyundo. Kwa anayesubu, vijitone vilevile ni msaada. Shaba nyekundu safi haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 1,085 za sentigredi, na hata hapo ni nzito, hunasa hewa na kugoma kuingia kwenye pembe nyembamba za kalibu. Ikitiwa zinki na risasi, joto linalohitajika hushuka na metali hutiririka. Risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hubaki majimaji mpaka mwisho, ikijaza mianya wakati shaba inaganda. Halafu chombo kikishapoa, patasi na kekee hupita kwa wepesi. Masud bin Ahmad na mafundi wenzake wa nakshi walichonga maelfu ya vijinafasi vya kupachikia fedha. Metali yenye risasi iliwapunguzia jasho.

Kuna chombo kingine Hermitage kinachoonyesha jinsi waliosubu walivyojivunia kazi yao. Ni chombo cha kumiminia maji chenye umbo la ng'ombe anayenyonyesha ndama, na simba mdogo amemrukia mgongoni. Kina tarehe ya Muharram 603, yaani Agosti 1206. Maandishi yake ya Kiajemi yanatangaza kwamba ng'ombe, ndama na simba wote watatu walisubiwa mara moja, kwa msaada wa Mungu. Ndiyo sifa waliyoichagua. Katika orodha ya mambo ambayo fundi angeweza kujisifia, rangi, nakshi, uzito, mteja, wao walitaja kwamba hakuna kiungo. Yeyote aliyewahi kumwaga metali katika kalibu yenye miguu minane na pembe anaelewa kwa nini.

Kupima ni kazi yenye mitego yake. Njia inayopendwa zaidi siku hizi ni kuelekeza miale ya eksrei juu ya chombo na kusoma nishati inayorudi; kila elementi ina nishati yake. Haikwaruzi wala haichomi, na kifaa chake kinaweza kushikwa mkononi kama bunduki ya mpimaji wa bei dukani. Ubaya wake ni kwamba inasoma ngozi tu. Chombo kilichokaa ardhini miaka 800 kimepoteza zinki juu ya ngozi yake, bati imejikusanya, na aliyekisafisha karne iliyopita huenda aliisambaza risasi kwa kitambaa chake. Vyombo vilivyotiwa kalai ndani husomeka kama bati tupu. Ndiyo maana maabara zinazotaka tarakimu za kuaminika bado hutumia kekee: tundu la milimita moja hivi, chini ya mguu au ndani ya shingo mahali pasipoonekana. Unga wa kwanza hutupwa kwa kuwa una kutu, na miligramu chache za metali safi huchukuliwa na kuyeyushwa katika tindikali. Hata hapo risasi hutania. Kwa kuwa ni nzito, huzama wakati wa kusubu, na tundu la chini laweza kutoa asilimia tofauti na tundu la juu la chombo hichohicho.

Zinki ilileta fumbo la aina nyingine. Mafundi wa Herat na Mosul walikuwa nayo tele ndani ya vyombo vyao, lakini hawakuwahi kuishika mkononi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto linaloyeyusha shaba. Mawe yake yakichomwa katika tanuri la kawaida, zinki hutoka ikiwa mvuke, hukutana na hewa na kuwa unga mweupe. Basi walitumia huo unga. Waarabu waliuita tutiya, na Kirman, kusini-mashariki mwa Uajemi, ilisifika kwa kuutengeneza. Al-Muqaddasi, mwanajiografia wa karne ya 10, aliutaja. Marco Polo alipopita huko katika karne ya 13 aliona udongo wa mgodi ukiwekwa kwenye moto mkali na wavu wa chuma juu yake; moshi ulioganda kwenye wavu ndio uliokuwa tutiya, dawa ya macho iliyouzwa mbali. Kilichofaa macho kilifaa pia shaba. Vipande vya shaba nyekundu vilifungiwa ndani ya chungu pamoja na unga huo na makaa, na mvuke wa zinki ukaingia katika shaba bila kuonekana.

Njia hiyo ina kikomo. Shaba haiwezi kunywa zaidi ya asilimia 28 hadi 30 za zinki kwa njia ya mvuke. Kila chombo kikivunjwa na kuyeyushwa upya, takriban sehemu moja ya kumi ya zinki yake hupotea hewani. Kwa hiyo tarakimu ya zinki husema kitu kuhusu maisha ya metali: iliyo karibu na 20 huenda ni mpya, iliyoshuka hadi 6 au 7 huku imesindikizwa na bati na risasi yaelekea imepita katika vyungu vingi.

Bati nayo ilikuwa na safari yake. Ilivuka Bahari ya Hindi kutoka Kalah, bandari ya rasi ya Malaya iliyotajwa sana na mabaharia wa Kiarabu, na ilikuwa ghali. Al-Biruni, aliyefariki mnamo 1048, aliandika mjini Ghazna kitabu juu ya vito na metali, na humo anataja aloi kwa majina: ile ya shaba na risasi, ile ya manjano, na ile nyeupe iitwayo isfidruy, shaba iliyojaa bati. Anasimulia kwamba hiyo nyeupe ilitokana na katazo la Hajjaj bin Yusuf, gavana mkali wa Iraq aliyetawala hadi 714, dhidi ya vyombo vya dhahabu na fedha. Simulizi hiyo ni tamu na yaweza kuwa na chembe ya ukweli, maana Waislamu wengi walijizuia kulia katika fedha kwa kufuata hadithi za Mtume. Hata hivyo makatazo hayatoshi kueleza kila kitu. Majumba ya wafalme hayakukosa fedha mezani. Watu wa daraja la kati walitaka weupe wa fedha kwa bei wanayoimudu, na bati iliwapa.

Isfidruy ndiyo bronzi halisi niliyoiahidi hapo juu. Bati yake huwa karibu sehemu moja ya tano. Ikisuguliwa huwa nyeupe yenye wekundu wa mbali, na ikigongwa hulia kama kengele. Ni ngumu na huvunjika ikianguka. Mfano wake mashuhuri, bakuli lenye kifuniko liitwalo Vaso Vescovali, lilitoka Khurasan mnamo mwaka 1200. Limejaa sayari na nyota kumi na mbili za falaki zilizopachikwa fedha. Fundi wake alijua kwamba hakuna atakayelinyoosha likibonyea.

Je, mafundi walichagua kila asilimia? Hapa ndipo baadhi ya waandishi huzidisha chumvi. Vipimo vinaonyesha mpaka ulio wazi kati ya metali ya kufua na metali ya kusubu, na huo ulikuwa uchaguzi. Hata hivyo, ndani ya metali ya kusubu tarakimu hutawanyika sana, na sababu yake kubwa ni vyuma chakavu.

Mwaka 1998 wachimbaji wa mambo ya kale mjini Tiberias, kando ya ziwa la Galilaya, chini ya Yizhar Hirschfeld, walifukua mitungi mitatu mikubwa iliyofichwa katika jengo la zama za Wafatimi, karne ya 11. Ndani yake mlikuwa na karibu vitu elfu moja vya shaba: vinara, taa, mabakuli, mabirika, miguu iliyovunjika, vipini, mabaki ya kukata. Mlikuwamo pia makumi ya sarafu za Byzantium zenye sura ya Yesu. Nyingi kati ya hizo mali zilikuwa mbovu. Hazikuwekwa kwa ajili ya kutumiwa bali kwa ajili ya uzito wake. Taa ya msikitini, sarafu ya Kikristo na sufuria iliyotoboka zilingoja chungu kimoja.

Matthew Ponting alipima vitu vya Tiberias pamoja na hazina nyingine mbili za zama hizo, ya Caesarea na ya Denia huko Hispania, na mpaka ule wa kufua na kusubu ukaonekana humo pia. Mtu aliyekuwa na mitungi ile alipaswa kujua kuchambua: bamba huku, kipande kinene kule. Akikosea akatia mguu wa kinara katika metali ya kufua, siku mbili baadaye nyundo itamwambia.

Ushahidi wa karatasi upo pia, nao ni mtamu kuliko wa maabara. Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa Kiyahudi kutoka Tunisia, aliishi pwani ya Malabar, India, kwa miaka mingi kuanzia takriban 1132 hadi 1149, na huko alikuwa na karakana ya shaba yenye mafundi wa Kihindi. Barua zake, zilizoandikwa kwa Kiarabu katika herufi za Kiebrania, zilihifadhiwa katika sinagogi la Fustat, Kairo ya kale. Wateja wake wa Aden walimpelekea mzigo wa metali na maagizo. Mmoja alituma birika lililovunjika pamoja na beseni, akaomba atengenezewe birika jingine kutokana na shaba hiyohiyo kwa kuwa ni shaba nzuri, na akataja uzito anaoutaka. Alitaka pia kinara chenye nguzo ya pembe nane na miguu imara. Pamoja na vyombo vibovu ilisafiri shaba ya manjano katika vipande na bati ya Kalah.

Kwa hiyo chombo kilichosubiwa Malabar kwa metali ya Aden, ambayo yenyewe yaweza kuwa ilitoka Kirman, kikarudi Aden na kuuzwa Kairo, ni chombo cha wapi? Kwa miaka kadhaa ilitarajiwa kwamba isotopu za risasi zingejibu. Risasi ina isotopu nne zisizooza, na uwiano wake hutofautiana mgodi kwa mgodi. Ungefikiri kwamba vyombo vyenye risasi nyingi namna hii vingetoa jibu safi. Hutoa jibu safi pale tu fundi alipotia risasi mbichi ya mgodi mmoja. Akiyeyusha vinara kumi vya miji mitano, uwiano unaotoka ni wastani usiolingana na mgodi wowote duniani.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya mzunguko huu wa bahari. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa Mark Horton wa miaka ya 1980 ulitoa simba mdogo wa shaba aliyesubiwa kwa njia ya nta, wa sura ya Kihindi, wa mnamo mwaka 1100. Baadaye sana Lamu ilikuwa na siwa yake ya shaba, pembe kubwa ya kifalme iliyosubiwa kwa nta vilevile, ambayo leo iko katika makumbusho ya mji huo.

Wauza vya bandia wamewapa wanakemia kazi nyingine. Birika linalodaiwa kuwa la karne ya 12 likitoa zinki asilimia 36, mazungumzo ya bei huisha hapo, kwa sababu kiasi hicho hupatikana kwa kuchanganya zinki iliyo metali, si mvuke wa tutiya. Ikiwa pia halina chembe za aseniki na antimoni ambazo shaba ya kale haikosi, mashaka hayabaki.

Zinki hiyo ya metali ilitoka India kwanza. Huko Zawar, Rajasthan, wahandisi wasiojulikana kwa majina walipanga vyombo vya udongo vilivyoelekezwa mdomo chini, moto ukawa juu na ubaridi chini, mvuke ukashuka na kuganda kabla haujakutana na hewa. Vilima vya vyombo vyao vilivyotumika vimesimama mpaka leo, na vilichunguzwa miaka ya 1980 na kikundi alichokuwamo Craddock. Ulaya iliipata njia ya kutengeneza zinki kwa wingi mwaka 1738 tu, William Champion alipoisajili Bristol.

Na katika mji wa Bidar, Dekani, metali hiyo hatimaye iliacha kujificha ndani ya shaba. Mafundi wa huko walisubu vyombo vya zinki karibu tupu, na shaba nyekundu kidogo na risasi kidogo: masinia, visanduku vya tambuu, vitako vya viko vya maji. Walivipachika fedha kama Masud alivyofanya Herat, kisha wakavipaka tope la udongo wa ngome ya mji lililochanganywa na chumvi ya amonia. Zinki hugeuka nyeusi kabisa na fedha haibadiliki. Mafundi wa Bidar bado wanaufuata udongo huo katika ngome ileile, na huutambua kwa kuonja.